Kigugumizi: Ulimi hauna hatia, siri imo ubongoni

Na MWANDISHI WETU

KARIBU kila darasa la shule ya msingi lina mwanafunzi mmoja ambaye, mwalimu akisema watoto wasome kwa sauti kwa zamu, yeye hasikilizi wenzake wanasoma nini. Anahesabu. Anahesabu wanafunzi walio mbele yake na aya zilizobaki, apate kujua ni aya gani itakayomwangukia na ina maneno gani ya hatari. Zamu yake inapofika husimama, mdomo hufunguka na sauti haitoki. Au hutoka sauti moja tu, "k-k-k-k", kama gari kuukuu linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi kule Limuru. Wenzake wanacheka chini kwa chini. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, anamwambia avute pumzi na atulie.

Kengele ya mapumziko ikilia, mtoto huyo huyo yuko uwanjani akiimba na wenzake wimbo mzima, ubeti baada ya ubeti, bila kukwama hata mara moja. Hapo watu hukata shauri: huyu anajifanya. Wengine husema ni mwoga, wengine kwamba alimwiga mtoto wa jirani hadi tabia ikamganda, na wengine humtazama mama yake kwa jicho la lawama.

Madai hayo yote hayana msingi. Kigugumizi ni jambo la ubongo, na hasa la jinsi sehemu zake mbalimbali zinavyopashana habari kwa wakati. Na kule kukwama darasani na kutiririka uwanjani, ambako wengi hukuchukua kuwa ushahidi dhidi ya mtoto, ndiko kulikowasaidia wataalamu kujua hitilafu iko wapi.

Kwa kila watoto 100, watano hivi au zaidi hupitia kigugumizi. Mara nyingi huanza wakiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5, wakati ule mtoto anapojifunza kuunganisha maneno kuwa sentensi. Watatu kati ya wanne hivi hupona, wengi wao bila tiba yoyote. Wanaobaki nacho hadi utu uzimani ni kama mmoja kati ya 100. Mwanzoni tofauti kati ya wavulana na wasichana si kubwa sana, lakini wasichana hupona kwa wingi zaidi, hata ikifika utu uzimani kuna wanaume wapatao wanne kwa kila mwanamke mmoja mwenye kigugumizi. Hakichagui kabila wala tajiri na maskini. Wasomaji wa Biblia na wa Kurani wanajua kwamba Nabii Musa mwenyewe alilalamikia uzito wa ulimi wake, akapewa nduguye Haruni awe msaidizi wake.

Lawama kwa ulimi, lawama kwa mama

Kwa kuwa kinachoonekana kukwama ni mdomo, kwa karne nyingi watu waliutibu mdomo. Wagiriki husimulia kwamba Demosthenes, msemaji wao hodari, alijizoeza kuhutubu akiwa na vijiwe kinywani. Mwaka 1841 daktari mpasuaji Johann Friedrich Dieffenbach wa Berlin alianza kukata ulimi wa wagonjwa wake, akiamini kwamba misuli yake hujikaza kupita kiasi. Wakati huo madaktari walikuwa bado hawajaanza kutumia dawa za usingizi katika upasuaji, kwa hiyo msomaji anaweza kujipigia picha mwenyewe. Mtindo huo ulienea Ulaya kwa muda mfupi kisha ukaachwa.

Ulimi ulipoachwa, lawama ikahamia kwa wazazi. Profesa Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alifundisha kwamba ugonjwa huu huanzia sikioni mwa mzazi. Mtoto hurudiarudia maneno kama watoto wote, mama akashtuka na kumwambia ana kigugumizi, na mtoto kwa hofu akakipata kweli. Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Mary Tudor, alikwenda katika nyumba ya mayatima mjini Davenport kuijaribu nadharia hiyo kwa watoto 22. Baadhi yao walikuwa wakizungumza vizuri kabisa. Hao waliambiwa kwamba wameanza kuwa na kigugumizi, na kwamba ni afadhali wasiseme neno mpaka wawe na hakika watalitamka sawasawa.

Watoto hao walijikunja. Waliokuwa wachangamfu wakawa wanyamavu, wakaona aibu kujibu maswali darasani. Jaribio halikuchapishwa, na umma haukulijua hadi gazeti moja la California lilipolifichua mwaka 2001. Chuo kikaomba radhi, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 za fidia.

Wataalamu waliozipitia kumbukumbu za jaribio hilo baadaye hawakupata ushahidi kwamba mtoto aliyekuwa akisema vizuri aligeuka kuwa na kigugumizi. Yaani hata mtu mzima alipokusudia kukipandikiza, alishindwa. Alichofaulu kupandikiza ni woga wa kusema. Hata hivyo nadharia ya Johnson iliendelea kufundishwa kwa miaka mingi, na akina mama wangapi walilala wakijilaumu kwa neno walilomwambia mtoto wa miaka mitatu, hakuna ajuaye.

Makanga asiyepiga bodi

Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimchunguza mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan". Mgonjwa huyo alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo ikaanza kueleweka kwamba kwa watu wengi usemi husimamiwa zaidi na nusu ya kushoto ya ubongo.

Kusema ni kazi nzito kuliko tunavyodhani. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hutoa silabi 4 au 5 kila sekunde, na kila silabi hutaka misuli ya kifua, koo, taya, ulimi na midomo ianze na kukoma kwa wakati wake barabara. Sehemu ya mbele ya ubongo hupanga, eneo lililo karibu na sikio husikiliza kinachotoka, na nyuzi za neva huziunganisha sehemu hizo mbili kama nyaya za simu. Kisha ndani kabisa ya ubongo kuna mafungu ya seli, mojawapo likiitwa putameni, ambalo likishirikiana na eneo lililo juu karibu na utosi hutoa ishara: sauti hii imekwisha, anza inayofuata.

Msomaji anayepanda matatu atanielewa nikisema kwamba putameni ni makanga. Dereva yuko kwenye usukani, injini inanguruma, abiria wameketi na kila mmoja anajua gari linakwenda wapi. Lakini mpaka makanga apige bodi, gari haliondoki. Mwenye kigugumizi analijua vizuri neno analotaka. Misuli yake iko tayari, wala ulimi wake hauna kasoro. Ishara ndiyo inayochelewa, au inayorudia kugonga pale pale kwa sauti ile ile.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana kwa kuupiga picha ubongo. Mwaka 2002 Martin Sommer na wenzake nchini Ujerumani waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu wazima 15 wenye kigugumizi. Nyuzi zao za neva upande wa kushoto, chini ya eneo linaloongoza ulimi na koo, hazikuwa zimejipanga imara kama za watu wengine. Swali lililofuata lilikuwa la haki kabisa: je, hitilafu hiyo ndiyo chanzo, au ni matokeo ya kuishi miaka thelathini ukikwama? Soo-Eun Chang na wenzake nchini Marekani walilijibu kwa kuwapiga picha watoto, hata wa miaka 3. Mwaka 2013 walieleza kwamba tangu utotoni mawasiliano kati ya putameni na maeneo yanayopanga usemi huwa hafifu kuliko kwa watoto wengine. Hitilafu ipo kabla ya miaka ya aibu na mazoea mabaya kuanza.

Ushahidi mwingine umetoka kwa watu wazima walioanza kugugumiza ghafla baada ya kupatwa na kiharusi. Majeraha yao ya ubongo yalikuwa mahali tofauti tofauti. Lakini mwaka 2024 Catherine Theys wa New Zealand na wenzake walionyesha kwamba majeraha hayo yanafungamana na mtandao mmoja, ulio pale pale kwenye putameni ya kushoto na ujirani wake.

Jirani wa upande wa kulia

Sasa, ubongo ukiwa na makanga mzembe haukai ukamngoja. Mwaka 1996 Peter Fox na wenzake wa Texas, wakitumia mashine inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi, waliwapa watu wenye kigugumizi aya wasome kwa sauti. Eneo la kusikiliza lililo upande wa kushoto lilikuwa limepoa. Upande wa kulia, ambao kwa kawaida hushiriki kidogo tu, ulikuwa umechemka kama Gikomba siku ya Jumamosi. Kisha wakasomeshwa pamoja na sauti nyingine inayosoma maneno yale yale kwa mpigo mmoja. Kigugumizi kikatoweka, na picha ya ubongo ikakaribia kuwa ya kawaida.

Wengine waliharakisha kusema upande wa kulia ndio mchokozi. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Frankfurt, Christine Preibisch na wenzake, waligundua kwamba eneo fulani la mbele upande huo lilifanya kazi zaidi kwa watu ambao kigugumizi chao kilikuwa chepesi. Jirani, kumbe, hakuja kufanya fujo. Alisikia kelele akaja kusaidia. Kisha mwaka 2018 Nicole Neef na wenzake, katika Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, wakaonyesha jambo jingine. Huko kulia kuna pia mtandao wa breki, ule unaotuwezesha kusimamisha tendo ghafla, na nyuzi zake zilikuwa imara zaidi kwa wale wenye kigugumizi kikali.

Mimi naona matokeo hayo hayagombani. Gari likikwama kwenye tope, majirani hutoka wote kusukuma. Lakini akiwepo mmoja ndani ambaye kwa hofu amekanyaga breki, jasho la wanaosukuma linapotea bure. Na huenda hapa ndipo hofu inapoingia. Hofu haileti kigugumizi, ila kila mwenye nacho atakwambia kwamba hukizidisha.

Kuhusu waliopona, Christian Kell na wenzake, pia wa Frankfurt, walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa watu wazima waliopona wenyewe bila tiba. Kilichowatofautisha ni sehemu ndogo ya mbele upande wa kushoto, karibu na pale penye hitilafu, iliyokuwa imechukua kazi. Hata waliopewa tiba walionyesha shughuli ikirejea kushoto na kule kulia kukitulia. Msaada wa kulia basi ni wa kushikizia tu, na ukarabati wenyewe hufanyika nyumbani.

Kwa nini wimbo haukwami

Wapo wanaosema kwamba nyimbo hukaa kulia na usemi kushoto, hivyo mwimbaji hupita barabara nyingine kabisa. Mambo si mepesi hivyo, kwa sababu kuimba hutumia pande zote mbili. Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya mdundo. Mdundo ukitoka nje, kwa ngoma au kwa sauti za wenzako, ubongo hauna haja ya kumngoja makanga. Ubongo mdogo ulio kisogoni, pamoja na maeneo yanayofuata sauti za nje, hushika zamu yake. Tena katika wimbo maneno yanajulikana tangu mwanzo, irabu huvutwa, na hakuna mtu anayekukodolea macho akingoja jibu.

Ndiyo sababu mwanafunzi anayeshindwa kujibu "Niko hapa, mwalimu" wakati majina yanaposomwa anaweza kusimama katika mashindano ya muziki ya shule na kukariri shairi pamoja na kikundi cha wenzake thelathini, kila neno likiwa mahali pake. Mwalimu mwerevu anaweza kuitumia siri hiyo kwa kuwapanga watoto wote wa darasa wasome wawili wawili, bila kumtaja mtu.

Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alieleza jambo la kuchekesha kidogo. Mtu asemaye vizuri akisikizwa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kama mwangwi wa simu ya masafa marefu, huanza kukwama. Kwa wengi wenye kigugumizi, mwangwi uo huo huwanyoosha. Vifaa vya sikioni vimeundwa kwa msingi huo, ingawa wengi huona faida yake ikipungua kadiri wanavyovizoea. Kusema kwa mapigo kama saa ya ukutani nako huondoa kigugumizi papo hapo, lakini ni nani anayetaka kuchumbia kwa sauti ya saa?

Zaidi ya maarifa ya ubongo kuna maarifa ya mtu mwenyewe. Wengi huwa mabingwa wa visawe. Akiona "kesho" litamkwama, husema "siku inayofuata leo". Atashuka kituo kimoja mbele kwa sababu jina la kituo chake lina sauti ngumu. Neno moja tu halina kisawe, nalo ni jina lake. Ndiyo maana kujitambulisha mbele ya watu, jambo linalowachukua wengine sekunde mbili, ni mlima kwa watu hawa, na mwenye kuwahoji kwa ajili ya kazi hudhani mtu amesahau jina lake.

Mfalme George wa Sita wa Uingereza aliujua mlima huo. Huyu ndiye baba ya Elizabeth, aliyerithi kiti cha enzi Februari 1952 akiwa hapa hapa Kenya, Treetops karibu na Nyeri. Tangu mwaka 1926 mfalme huyo alisaidiwa na Mwaustralia Lionel Logue. Ukiisikiliza hotuba yake ya Septemba 3, 1939, ya kutangaza vita, utasikia vituo virefu katikati ya sentensi. Hakupona kabisa, ila alijifunza kupita. Filamu ya mwaka 2010 iliyosimulia kisa hicho iliandikwa na David Seidler, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi utotoni.

Damu, dawa na mtoto wa miaka mitatu

Kigugumizi hufuata ukoo. Mwaka 2010 Dennis Drayna na wenzake nchini Marekani walitaja jeni tatu zinazohusika, baada ya kuanza na familia za Pakistan. Mwaka 2015 jeni ya nne ilipatikana katika ukoo mkubwa wa Cameroon. Mwaka 2025 uchunguzi uliolinganisha watu zaidi ya milioni moja ulitaja sehemu 57 za chembe za urithi, na uhusiano ukaonekana kati ya urithi huo na ule wa uwezo wa kufuata mdundo. Makanga, tena.

Dawa ya kumeza iliyoidhinishwa mahsusi kwa kigugumizi haipo. Zile zinazopunguza kemikali ya dopamini ubongoni zimejaribiwa na kuwasaidia baadhi, ila madhara yake mara nyingi huzidi faida.

Kilicho na matumaini zaidi ni tiba ya usemi kwa mtoto mdogo, wakati ubongo bado unajijenga. Katika utaratibu wa Lidcombe, uliobuniwa Australia, mzazi hufundishwa kumsifu mtoto kila siku anapotiririka, na kumsahihisha kwa nadra na kwa upole. Utaratibu mwingine humtaka mzazi apunguze mbio na shinikizo za nyumbani. Uholanzi iliilinganisha miwili hiyo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015: baada ya mwaka mmoja na nusu, kama robo tatu ya watoto wa kila upande hawakuwa tena na kigugumizi. Bila shaka wapo ambao wangepona hata hivyo. Lakini hakuna awezaye kumtazama mtoto akajua kwa hakika yumo katika kundi lipi.

Dalili za kutopuuzwa zipo. Kigugumizi kikipita miezi sita hadi mwaka bila kupungua, ikiwa mtoto ni mvulana, ikiwa kuna mtu mzima katika ukoo asiyepona, au ikiwa mtoto ameanza kukaza uso na kukwepa kusema, asingojwe. Wataalamu wa usemi nchini si wengi na hupatikana zaidi katika miji mikubwa, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kliniki ya watoto, ambako pia masikio yatapimwa. Na mtu mzima ambaye hajawahi kugugumiza akianza ghafla, hasa akiwa na uso uliopinda au mkono uliolegea, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Nyumbani, "vuta pumzi" na "sema polepole" hazisaidii kitu, maana zinampa mtoto kazi ya pili juu ya ile inayomshinda. Kummalizia neno nako ni kumnyang'anya zamu. Mzazi apunguze kasi ya usemi wake mwenyewe, amtazame mtoto kama kawaida, na ajibu kile alichoambiwa: kama habari ilikuwa ya paka aliyepanda juu ya paa, basi mazungumzo yawe ya paka.

Kwa simu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa upande wa pili hauuoni uso. Simu ikilia, ukaitika na kusikia kimya, usiikate upesi. Huenda mtu yuko kwenye herufi ya kwanza ya jina lake.